Mafuta ya kukaangia kuwa dizeli: chokaa ya makombe inaweza, lakini si kwa mafuta ya aina yoyote

Skuizi watu wengi wanaulizia hili jambo la kugeuza mafuta yaliyokwisha kukaangiwa yakawa dizeli, na kila likizungumzwa hakosi mtu wa kusema ni rahisi, chukua makaka ya mayai au makombe ya pwani, choma, saga, tia kwenye mafuta pamoja na methanoli, basi gari inatembea. Si uongo. Lakini hayo ni nusu ya maneno, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua pampu na nozeli za watu, kwa hivyo nataka niieleze kwa urefu, kwani sisi Unguja na Pemba vitu vinavyotakiwa tunavyo karibu vyote kasoro kimoja, na sababu ya kulitaka hili jambo tunayo kuliko wengi.

Sababu yenyewe haihitaji kutafutwa mbali. Kila lita ya dizeli tunayochoma inakuja na meli. Waliokuwepo Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme wa kutoka Bara ulipokatika ile miezi mitatu, wanajua mji mzima uliishi kwa majenereta, na Pemba mpaka 2010 waya wa kutoka Tanga ulipofika, umeme wa kisiwa kizima ulikuwa wa mashine za dizeli pale Wesha. Upande wa pili tuna mahoteli kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi, tuna Forodhani, tuna wakaanga chipsi, mihogo, bajia na samaki kila kona, na mafuta yao yakishakuwa meusi yanamwagwa mtaroni au shimoni, au mabaya zaidi yanarudi tena kwenye karai wakati yameshaoza kwa moto. Mafuta yale ni mali, tatizo ni namna ya kuyafanyia kazi bila kuharibu kitu chengine.

Tuanze na mafuta yenyewe. Yawe ya nazi, ya mawese, ya alizeti au shahamu ya ng'ombe, kikemia umbo lao ni moja, minyororo mitatu mirefu ya asidi za mafuta imefungwa kwenye gliseroli. Chembe kubwa hiyo, ndio maana mafuta ni mazito. Injini ya dizeli yenyewe haiyakatai, kwenye maonyesho ya Paris ya 1900 injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya njugu nyasa, lakini kwa joto la digrii 40 mafuta ya kula ni mazito kiasi mara kumi kuliko dizeli, nozeli haiwezi kuyapuliza yakawa ukungu, yanaungua nusu nusu, mkaa unajikusanya kwenye pistoni na baada ya muda injini imekwisha. Dawa yake ilipatikana zamani. Mwaka 1937 Mbelgiji G. Chavanne alichukua hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kuyavunja mafuta ya mawese kwa spiriti, na mwaka uliofuata basi lilitembea kwa mafuta hayo baina ya Brussels na Louvain.

Kinachofanyika ni hivi. Unatia methanoli, ambayo ni spiriti ndogo kuliko zote, inakwenda kukata ile minyororo mitatu kutoka kwenye gliseroli na kila mnyororo unashikana na methanoli yake. Hiyo minyororo mmoja mmoja ndiyo biodizeli, nyepesi karibu sawa na dizeli ya kawaida, na gliseroli inazama chini kwa sababu ni nzito zaidi. Kilo 100 za mafuta zinakula kilo kama 11 za methanoli na zinatoa kilo kama 100 za biodizeli na gliseroli kilo 10 hivi. Kwa vitendo unatia methanoli mara mbili ya hiyo, ili mambo yaende mbele yasirudi nyuma, halafu iliyobaki unaitoa kwa kuchemsha na kukusanya mvuke wake. Kazi ya kukusanya mvuke si ngeni kwetu, kiwanda cha mafuta ya makonyo ya karafuu kule Wawi, Pemba, kinaishi kwa hiyo.

Lakini mafuta na methanoli peke yao wanaweza kukaa pamoja wiki nzima wasifanye kitu. Kinahitajika kichocheo, yaani kitu cha kuiharakisha kazi, na kichocheo cha kawaida duniani kote ni kostiki soda, ile ile wanayotumia watengeneza sabuni, kiasi cha asilimia 1 ya uzito wa mafuta, joto la digrii 60 (usizidishe, methanoli inachemka karibu na 65), ukoroge saa moja, kwisha. Kwa mafuta mapya yasiyotumika njia hiyo ni ya haraka.

Sasa lete mafuta ya chipsi. Mafuta yanapokaa kwenye moto siku nyingi na ndani yake zinatiwa mbatata zenye maji, samaki wenye maji, mihogo yenye maji, ile minyororo inaanza kukatika yenyewe na kubaki ovyo kama asidi za mafuta zilizo huru. Mafuta mapya yanazo chini ya nusu asilimia, yaliyotumika yanaweza kuwa na asilimia 2, 5, 7, na takataka ya mafuta inayotoka kwenye mashimo ya jikoni inapita 15. Kostiki ikikutana na asidi hiyo haiendi tena kufanya kazi ya kichocheo, inageuka sabuni. Na sabuni kazi yake tunaijua, inachanganya mafuta na maji, kwa hivyo ile gliseroli iliyotakiwa izame haizami, pipa zima linakuwa uji. Ukibahatika ikatengana bado una kazi ya kuosha, kwa sababu kostiki na sabuni zimeyeyuka ndani ya biodizeli yako, na sodiamu ikibaki humo inakwenda kukaa kwenye nozeli na filta.

Hapo kwenye kuosha nataka tukae kidogo, kwani watu wengi wanapita mbio. Kuosha biodizeli ya kostiki unahitaji maji mara nyingi sawa na mafuta yenyewe au zaidi, unaosha, unamwaga, unaosha tena mpaka maji yatoke masafi. Maji hayo yanatoka na kostiki, sabuni, methanoli na mafuta. Unayamwaga wapi? Kisiwa chetu hiki sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe lenye matundu, kinachomwagwa juu kinateremka chini mbio, na chini ndiko yaliko maji tunayoyapiga pampu tukanywa, na yasipofika kisimani yanatokea pwani kwenye mwani na pweza. Huku kuna mitaa maji ya bomba yanatoka kwa zamu na mwananchi ananunua ndoo. Kwa hivyo mtu akija na mpango wa kiwanda cha biodizeli cha kuosha kwa maji mimi suali langu la kwanza si bei ya dizeli, ni maji machafu yanakwenda wapi. Na hii ndiyo sababu hasa ya mimi kuvipenda vichocheo vigumu, vile visivyotakiwa kuyeyuka ndani ya mafuta, si kwa sababu ni sayansi mpya wala kwa sababu makombe ni ya bure.

Tofauti ni hii. Kostiki inayeyuka ndani ya methanoli na kuenea kila pahala kama chumvi kwenye mchuzi, ukishaitia huwezi kuichukua tena. Kichocheo kigumu ni kijiti cha mdalasini kwenye chai, kinafanya kazi yake humo ndani, halafu unakitoa kizima. Hakiyeyuki, mabadiliko yanatokea juu ya uso wake tu, ukimaliza unachuja au unaacha kizame, biodizeli inahitaji kuoshwa kidogo sana au haioshwi kabisa, gliseroli inatoka safi, na kichocheo kinarudi kwenye pipa jengine. Angalau ndivyo inavyotakiwa iwe.

Kichocheo kigumu maarufu kuliko vyote ni kalsiamu oksaidi, yaani chokaa iliyotoka kwenye moto kabla haijazimwa kwa maji. Hapa ndipo Mzanzibari anapofurahi na ana haki, kwani Mji Mkongwe wote umesimama kwa chokaa, kuchoma tanuu hatufundishwi na mtu. Makombe ya chaza, makome, makaka ya mayai, jiwe la matumbawe, vyote ni kalsiamu kaboneti. Ukivichoma kwenye digrii 800 mpaka 900 kwa saa kadhaa, hewa ya kaboni inatoka na inabaki oksaidi. Kipimo cha kujua kama vimeiva ni mizani tu, kilo 100 za kombe safi zikiungua sawasawa zinabaki kilo 56, zikibaki 70 bado ndani mna kombe bichi. (Naomba tu mtu asende kuvunja matumbawe hai kwa ajili ya hili. Makombe yanayotupwa Bweleo na Fumba na makaka ya mayai ya mahotelini yanatosha kwa kuanzia.)

Ila chokaa ya mfuko ya dukani, au ile ya kwenye shimo la fundi wa ujenzi, haifai kama ilivyo. Ile imeshakunywa maji ikawa kitu chengine, nguvu yake kwenye kazi hii ni ndogo mno. Na hata uliyoichoma leo mwenyewe ukaiacha wazi kwenye sinia, kwa hewa yetu hii yenye unyevunyevu, ndani ya dakika chache tu uso wake unaanza kushika maji na hewa ya kaboni na kurudi ulikotoka, na kazi yote iko kwenye uso. Kwa hivyo iingie kwenye chombo kinachofunga kabisa ikiwa bado ina joto, na kama imelala muda mrefu irudishwe motoni kabla ya kutumiwa. Mtu akikwambia alijaribu makombe na hayakufanya kitu, muulize kwanza aliyahifadhi vipi.

Inapofanya kazi, chokaa hii ni ya polepole kuliko kostiki. Mafuta hayapatani na methanoli, na sasa umeongeza kitu cha tatu kigumu, vitatu hivi lazima vikutane pahala pamoja ndio kitu kitokee, kwa hivyo ukoroge kwa nguvu, unga uwe laini, methanoli uitie zaidi, na muda ni saa mbili tatu badala ya moja. Hilo linavumilika.

Lisilovumilika ni asidi. Hapa ndipo ile nusu ya maneno inapokatika. Watu wanadhani kwa kuwa kichocheo ni kigumu basi mafuta machafu hayana neno. Chokaa na asidi ya mafuta zikikutana zinatengeneza sabuni vile vile, safari hii sabuni ya kalsiamu, ambayo haiyeyuki kwenye maji. Sisi tunaijua vizuri sana, mafundi wa majahazi tokea zama wanachanganya chokaa na shahamu kupata deheni ya kupaka chombo chini ili maji yasipenye. Chini ya jahazi deheni ni neema, ndani ya pipa la biodizeli ni msiba, utando ule ule unaozuia maji unakwenda kufunika punje za kichocheo, zimekwisha. Piga hesabu, mafuta kilo 100 yenye asidi asilimia 5 yanakula kiasi cha nusu kilo ya oksaidi yako na kukupa sabuni ya kalsiamu kilo tano na kidogo. Filta gani itapitisha hiyo?

Kwa hivyo kabla ya chochote mafuta yapimwe, na kupima si kazi ya mashine kubwa. Gramu moja ya kostiki kwenye lita moja ya maji yaliyotokana na mvuke, ndiyo dawa yako. Mililita moja ya mafuta uliyoyachuja na kuyakausha, itie kwenye mililita 10 za spiriti safi ya isopropili, tia manjano kidogo, hii hii ya jikoni kwetu, halafu donosha dawa tone tone kwa sindano huku unatikisa mpaka umanjano ugeuke wekundu na usirudi. Hesabu mililita zilizoingia, kila moja ni kiasi cha robo tatu ya asilimia ya asidi. Ikiingia moja tu, chokaa inaweza kuyabeba. Zikiingia nne au tano usithubutu, yapeleke njia nyengine au yachanganye na mafuta mazuri mpaka kipimo kishuke. Na maji pia, yachemshe mafuta yapite digrii 100 mpaka yanyamaze, yaache yatulie, maana maji ndani ya pipa yanaendelea kukata minyororo na kuzalisha asidi mpya wakati wewe unadhani umeshamaliza.

Njia nyengine hiyo ni kichocheo kigumu cha asidi. Badala ya kupigana na asidi za mafuta, hiki kinazishikisha na methanoli moja kwa moja zikawa biodizeli, yaani kile kilichokuwa kasoro kinaingia kwenye hesabu ya mali. Asidi ya salfyuriki ya maji inafanya hivyo pia lakini inakula chuma na inataka kuoshwa, tumerudi kule kule. Mwaka 2005 watafiti wa Tokyo walionesha kwamba sukari ikiunguzwa kwa digrii 400 bila ya hewa ikawa mkaa, halafu mkaa ukapikwa na asidi ya salfyuriki kali, unapata unga mweusi wenye vikundi vya asidi vilivyojishika kwenye mkaa wenyewe, na unga ule unageuza asidi za mafuta kuwa biodizeli. Baadae wengine wamefanya hivyo kwa vifuu vya nazi. Vifuu! Sisi tunavichoma tukapikia. Lakini kupika mkaa na asidi kali kwenye digrii 150 si kazi ya uani, mvuke wake unaharibu mapafu, hii ni kazi ya maabara yenye watu wanaojua.

Na hiki nacho kina dawa na maradhi yake. Kwa kuvunja mafuta mazima ni kizito, asidi kwa jumla ni ya polepole mno ukiilinganisha na alikali kama kostiki au chokaa, kwa hivyo kinafaa hatua ya kwanza, ushushe asidi mpaka chini ya asilimia 1, halafu hatua ya pili uingie na chokaa. Katikati lazima ukaushe, kwani asidi ikishikana na methanoli inatoa maji. Viko vichocheo vyengine vya asidi kama zirkonia yenye salfeti, resini, zeolaiti, na zeolaiti inasifiwa sana kwa sababu ina vitundu vingi, ila vitundu vyake havifiki nanomita moja na chembe ya mafuta ni kubwa kuliko hivyo, mlango mdogo mgeni haingii, labda zile zilizotengenezwa na vitundu vipana.

Neno "kinatumika tena na tena" nalo litazamwe kwa makini. Chokaa inayeyuka kidogo kidogo ndani ya methanoli na gliseroli, na kile kilichoyeyuka kinafanya kazi kama kostiki ilivyofanya, halafu mtu anasifu kichocheo kigumu. Kipimo cha kumjua mkweli ni kuchuja punje zote katikati ya kazi, ikiwa moto, halafu kuendelea kukoroga kile kimiminika peke yake. Kikiendelea kugeuka, basi kichocheo chako kimeshaingia mchuzini. Na kalsiamu iliyoyeyuka haipotei, iko ndani ya biodizeli, wakati kiwango cha Ulaya hakiruhusu kalsiamu na magnesiamu pamoja zizidi miligramu 5 kwa kilo. Kiwanda cha mwanzo kikubwa cha dunia cha kichocheo kigumu, kile cha Sète, Ufaransa, cha 2006, tani 160,000 kwa mwaka, hakikutumia chokaa, kilitumia oksaidi ya zinki na aluminiamu, kwa joto la karibu digrii 200 na mgandamizo mkubwa, gliseroli ikatoka safi zaidi ya asilimia 98. Na hata wao waliingiza mafuta yaliyosafishwa. Kiwanda chenye mamilioni kimeogopa mafuta machafu, sisi wenye pipa na kijiti tusiyadharau.

Kile kimoja tusichokuwa nacho ni methanoli. Inaagizwa, na ni sumu ya kweli, inapita kwenye ngozi, mvuke wake haufai kuvutwa, kinywa kimoja kinaweza kumpofua mtu au kumuua, na mwako wake mchana hauonekani kwa macho. Haipikwi jikoni, haipikwi karibu na watoto, haipikwi kwenye moto wa kuni. Chombo kifunge, pahala pawe na upepo, joto litoke kwenye umeme au maji ya moto. Wapo wanaosema tutumie spiriti ya molasesi, yaani ethanoli, kiwanda cha sukari tunacho Mahonda, na inawezekana, Chavanne mwenyewe alitumia ethanoli, lakini spiriti ikivukizwa kawaida inagoma kwenye asilimia 95 na hiyo 5 iliyobaki ni maji, adui yule yule, na gliseroli yake ni ngumu kutengana. Si ya kuanzia.

Jambo moja tunawashinda watu wa Ulaya. Biodizeli ya mawese na shahamu inaanza kuganda kwenye digrii 13 mpaka 16, kwao ni tatizo la kila baridi, kwetu usiku wa Julai haufiki huko. Kasoro zake ni za kawaida, nguvu yake kwa lita ni pungufu kiasi cha asilimia 8, inalainisha mipira ya zamani ya mafuta, na inang'oa uchafu wa miaka ulioganda kwenye tangi, kwa hivyo filta ya mwanzo itaziba, uwe nayo ya akiba.

Kama ningeulizwa pa kuanzia ningesema jenereta la hoteli, si daladala. Mafuta yanatoka jikoni pale pale, mtu anajua yamekaangia nini na kwa siku ngapi, dumu halichanganywi na maji ya kuoshea vyombo, fundi wa jenereta yupo, na unachanganya asilimia 20 tu na dizeli ya kawaida kwanza. Mpishi akiyatoa mafuta mapema kabla hayajawa meusi kabisa, asidi inabaki chini, chokaa ya makombe inafanya kazi bila ya ile hatua ya asidi, na wala chakula hakipikiwi mafuta yaliyooza. Ile gliseroli inayobaki chini ya pipa wapo kina mama wa sabuni wataitaka, na wapewe, ila kwanza ichemshwe kwenye mtambo unaokusanya mvuke mpaka methanoli yote itoke na ipimwe, na mpaka ipimwe iwe sabuni ya sakafu tu, si ya kuogeshea mtoto.